Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kula Sushi na Hibachi, kwa Wakazi wa Mwanza na Kanda ya Ziwa

Mkazi wa Mwanza hahitaji kufundishwa samaki. Anajua kufunua matamvua kabla ya kutoa pesa, anamtambua sato aliyevuliwa usiku na yule aliyelala siku tatu kwenye barafu, na akiwa Mwaloni Kirumba alfajiri si rahisi mchuuzi kumpiga changa la macho. Ujuzi huo unamfaa sana sokoni, lakini unaweza kumpoteza akikaa mbele ya sahani ya sushi, kwa sababu samaki wa kuliwa mbichi hapimwi kwa kipimo kile kile. Maswali yanayofuata ni yale ambayo watu wa hapa huuliza kabla ya kwenda kula katika mgahawa wa Kijapani, uwe wa hapa mjini au ule watakaoukuta wakisafiri kwenda Dar es Salaam, Nairobi au ng'ambo.

Je, sushi ni samaki mbichi?

Si lazima. Kinachoifanya sushi iwe sushi ni wali uliopikwa kwa mchele mfupi wa Kijapani, kisha ukachanganywa na siki, sukari na chumvi ungali wa moto. Juu ya wali huo, au ndani yake, huweza kuwekwa samaki mbichi, kamba waliochemshwa, yai la kukaanga, tango, parachichi au hata uyoga. Ukiletewa vipande vya samaki mbichi vitupu, bila wali, hiyo ni sashimi.

Aina utakazozikuta kwenye menyu si nyingi kama zinavyoonekana. Nigiri ni tonge dogo la wali lililofunikwa kwa kipande kimoja cha samaki: mpishi hulowesha viganja, huchota wali kiasi cha vidole viwili, huugandamiza mara mbili tatu tu ili ushikane bila kuwa mgumu, kisha huulaza samaki juu yake. Maki ni wali uliozungushwa kwa karatasi nyeusi ya mwani na kukatwa vipande sita au vinane. Ile ambayo wali umekaa nje na mwani ndani huitwa uramaki, na mfano wake maarufu ni California roll, yenye parachichi na nyama ya kaa, ambayo ilipata umaarufu Marekani na si Japani. Mwani unaotumika si ule unaolimwa pwani ya Zanzibar, ambao kwa sehemu kubwa husafirishwa kwenda viwandani; huu wa sushi ni wa jamii nyingine, huanikwa na kuokwa ukawa mkavu kama karatasi.

Mbona wali wake umeshikana na wala si wa moto? Haujaharibika?

Haujaharibika. Sisi tumezoea wali unaochambuka, na mpishi wa shughuli akikupa wali ulioshikana utamnyooshea kidole. Mchele wa Kahama au wa Kyela, pamoja na harufu yake nzuri, haufai kwa kazi hii kwa sababu punje zake hazishikani vya kutosha kubeba samaki. Wali wa sushi huandaliwa kwa uvuguvugu unaokaribia joto la mwili, na siki iliyomo, pamoja na kuupa ladha, inauchelewesha usichache upesi. Ukiletewa wali uliokakamaa na wenye baridi ya jokofu, hapo una haki ya kulalamika.

Hibachi ni nini, na kwa nini wengine huiita teppanyaki?

Hibachi ya Japani ni chombo cha makaa kilichotumika tangu zamani kupasha chumba joto na kuchemshia maji, kwa hiyo kiko karibu zaidi na jiko letu la mkaa kuliko na meza utakayoikuta mgahawani. Kile ambacho watu wengi, hasa waliofuata mtindo wa Marekani, huita hibachi ni upishi wa kwenye bamba pana la chuma lililounganishwa na meza ya wageni, na jina lake sahihi kwa Kijapani ni teppanyaki. Mgahawa wa Misono wa mjini Kobe ndio unaotajwa kuuanzisha mwaka 1945. Mwaka 1964 Hiroaki Aoki, aliyejulikana zaidi kama Rocky, alifungua mgahawa wa kwanza wa Benihana jijini New York, na hapo ndipo upishi huo ulipogeuzwa kuwa pia onyesho: visu vinavyogongana, mayai yanayorushwa, na mlima wa vitunguu unaotoa moto.

Basi mpishi akikukonyeza huku akidaka yai kwa ukingo wa mwiko wa chuma, ujue unatazama burudani iliyokomalia Marekani. Japani kwenyewe mpishi wa teppanyaki huwa mtulivu, na huko mgahawa wa sushi na mgahawa wa bamba la chuma kwa kawaida ni nyumba mbili tofauti. Kuviweka vyote chini ya paa moja ni mazoea ya nje ya Japani, na kwa familia ambayo nusu yake inaogopa vibichi ni mazoea yenye busara.

Sisi tuna samaki anayetoka ziwani asubuhi hiyo hiyo. Kwa nini mgahawa usitumie sato au sangara wetu kwa sushi, badala ya kuagiza samaki wa mbali?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi huulizwa kwa uchungu kidogo, kana kwamba ziwa limedharauliwa. Jibu ni kwamba upya wa samaki na usalama wake kwa kuliwa mbichi ni mambo mawili. Samaki aliyevuliwa saa mbili zilizopita ana macho maangavu, matamvua mekundu na nyama inayorudi ukiibonyeza, na pamoja na sifa zote hizo anaweza kuwa amebeba mabuu ya minyoo ndani ya mnofu. Upya hauwaui, upya unamaanisha kwamba nao wangali hai. Samaki wa maji baridi kwa jumla, yaani wa maziwa na mito, wanajulikana kubeba baadhi ya vimelea vinavyoweza kuendelea kuishi mwilini mwa binadamu, wakiwemo aina za tegu, na ndiyo maana wapishi makini hupendelea kutumia samaki wa baharini, au wa kufugwa kwa chakula kilichodhibitiwa, kwa vyakula vibichi.

Kuna dawa ya vimelea, nayo ni kugandisha, lakini kugandisha kwenyewe kuna masharti. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inaelekeza kwamba samaki wa kuliwa mbichi akae kwenye nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri, au baridi zaidi, kwa jumla ya siku 7. Au agandishwe kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri mpaka awe mgumu kabisa, kisha ahifadhiwe kwenye baridi hiyo hiyo kwa saa 15. Friza ya nyumbani haiaminiki kufika huko na kutulia huko, hasa pale umeme unapokatika na kurudi. Isitoshe, baridi huua minyoo lakini haiui bakteria wote. Bakteria hulala tu, wakisubiri joto. Maji ya kando ya mji unaokua upesi hupokea mengi kutoka kwenye makorongo na mitaro kila mvua inaponyesha, na samaki anayetua mwaloni hupitia mitumbwi, ndoo, meza na mikono kadhaa kabla ya kufika jikoni. Moto wa kupikia unayamaliza hayo yote. Siki, ndimu na wasabi, kile kiungo kikali cha kijani, haviyamalizi, hata kama nyama ya samaki imegeuka nyeupe kwa ndimu ikaonekana kama imeiva.

Wanaodhani kwamba Wajapani wangekula sato wetu mbichi bila wasiwasi watafakari Ziwa Biwa, ziwa kubwa kuliko yote Japani. Huko kuna chakula cha kale kiitwacho funazushi, ambacho wanahistoria wa mapishi hukihesabu miongoni mwa mababu wa sushi. Samaki wa ziwa hilo hutiwa chumvi kwa miezi, kisha hupangwa ndani ya pipa pamoja na wali na kuachwa wachachuke kwa muda mrefu, mara nyingi mwaka na zaidi. Sushi ya tonge iliyo na samaki wa bahari ilikuja baadaye sana, katika mji wa Edo, ambao sasa ni Tokyo, miaka ya 1820, na anayetajwa zaidi kuhusika nayo ni Hanaya Yohei.

Haya yote hayamwondoi samaki wetu mezani. Yanamhamishia upande mwingine wa mgahawa. Kwenye bamba la chuma sangara hana mpinzani. Mnofu wake ni mnene, una mafuta, na hausambaratiki ukigeuzwa. Tazama mpishi anapoulaza: pembeni huanza kuwa mweupe, weupe unapanda polepole kuelekea katikati, na kabla haujafika juu kabisa anaugeuza mara moja tu, anaongeza kitunguu saumu na siagi, na tone la mchuzi wa soya linalochemka na kukauka papo hapo. Sato aliyetolewa miiba anafaa sana kwa tempura, yaani kuchovywa kwenye uji mwepesi wa unga na kukaangwa, na vipande vyake vilivyokaangwa hivyo vinaweza kuzungushwa ndani ya maki vikiwa vya moto. Kwa maoni yangu hata kambale, akichomwa kwa mchuzi mtamu wa soya kama Wajapani wanavyomchoma mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, angewashangaza wengi wanaomdharau. Na huyo mkunga mwenyewe hupikwa kabla ya kuwekwa juu ya wali, kwa kuwa damu yake ikiwa mbichi ina sumu ambayo huharibiwa na moto.

Nikila samaki mbichi wa ziwani nitapata kichocho?

Hapana. Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu anapooga, kuvua au kufua ziwani. Sababu za kutomla samaki wa ziwa akiwa mbichi ni zile zilizoelezwa hapo juu, na zinatosha.

Samaki wa sushi anayeliwa Mwanza anatoka wapi, na nitajuaje kama ni salama?

Bahari iko mbali na sisi kwa zaidi ya kilomita 1,000 za barabara, kwa hiyo samaki huyo hufika kwa ndege au kwa gari lenye jokofu, na kwa kawaida huwa amegandishwa. Wageni wengi wakisikia neno hilo hukunja uso. Wasikunje. Samaki aliyegandishwa ipasavyo, akasafiri bila kuyeyuka na akayeyushwa ndani ya jokofu, ni bora mara kumi kuliko yule anayesifiwa kuwa hajawahi kugusa barafu.

Samoni unayemwona kwenye menyu aghalabu ni wa kufugwa, na Norwei ni miongoni mwa nchi zinazouza wengi zaidi. Huenda ikakushangaza kwamba Wajapani hawakuwa na desturi ya kumla samoni mbichi, kwa kuwa wale wa kwao wa porini walijulikana kuwa na minyoo. Ni juhudi za Wanorwei kutafuta soko, kuanzia miaka ya 1980, zilizomwingiza samoni wa kufugwa kwenye sushi. Jodari naye huvuliwa katika Bahari ya Hindi, na hatari yake ni ya namna nyingine. Akiachwa kwenye joto, hata kwa saa chache, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yake, na ikishakuwepo haiondoki kwa kupikwa wala kwa kugandishwa. Mtu aliyeila huwa mwekundu usoni, huwashwa, huumwa kichwa, na wengine husimulia kwamba ulimi uliwasha kana kwamba samaki ametiwa pilipili. Ukihisi hivyo kwa kipande cha kwanza, usimeze cha pili, na dalili zikizidi nenda kituo cha afya.

Muulize mhudumu, kwa upole na bila kumhoji kama askari: samaki wa leo ni wa aina gani, amefika lini, na ni vipi kati ya vyakula vya menyu vinavyotumia samaki mbichi. Mgahawa unaojua kazi yake una majibu hayo mdomoni. Mhudumu akikwambia tu kwamba "samaki wetu wote ni fresh, bosi", mwombe akamuulize mpishi, na mpishi naye akibabaika, kula vilivyoiva. Macho na pua navyo vifanye kazi yao: kaunta ya sushi isinuke shombo, kipande cha jodari kisiwe na rangi ya kahawia pembeni, na ubao wa kukatia samaki mbichi usiwe ndio unaokatiwa matango.

Ni nani hasa asile vibichi?

Mama mjamzito, mtoto mdogo, mzee aliyedhoofika, na yeyote ambaye kinga yake ya mwili imeshuka kwa ugonjwa au kwa dawa anazotumia, pamoja na mwenye ugonjwa wa ini. Mjamzito apunguze pia jodari wakubwa hata wakiwa wamepikwa, kwa sababu samaki wawindaji wanaoishi miaka mingi hukusanya zebaki mwilini.

Mama mkwe wangu hawezi kuweka kitu kibichi mdomoni. Nitamwagizia nini bila kumvunjia heshima?

Mketishe kwenye meza ya bamba la chuma na tatizo limekwisha. Atapewa supu nyepesi, saladi yenye mchuzi wa tangawizi, mboga zilizokaangwa mbele yake, wali uliokaangwa na yai, na kitoweo alichokichagua mwenyewe: kuku, nyama ya ng'ombe, kamba au samaki. Aseme mapema nyama yake iive kiasi gani, kwa maana wapishi wa mtindo huu hupenda kuacha nyama ya ng'ombe ikiwa na wekundu katikati, na mtu aliyezoea nyama choma ya Nyegezi ataiona haijaguswa na moto.

Akitamani naye kuonja sushi, mwagizie maki ya tempura ya kamba, ya tango, ya parachichi au ya yai. Usimfanyie mzaha wa kumlisha kibichi kwa siri.

Mimi ni Mwislamu. Nizingatie nini?

Usitazame nyama ya nguruwe peke yake, ingawa nayo ipo, hasa ndani ya vile visambusa laini vinavyoitwa gyoza na katika supu ya baadhi ya tambi za rameni. Tazama zaidi pombe. Mirini, ambayo ni kiungo kitamu chenye kilevi, na sake, pombe ya mchele, huingia kwenye michuzi mingi, ukiwemo wa teriyaki, na wapishi wengine hutia kidogo hata kwenye siki ya wali. Ule moto wa ghafla kwenye bamba nao mara nyingi huwashwa kwa pombe kali. Jambo hili lisemwe wakati wa kuweka nafasi, kabla meza haijapangwa, kwa sababu mpishi aliyejulishwa mapema anaweza kuandaa mchuzi wa pembeni, na moto anaweza kuuacha. Uliza pia kuku na nyama ya ng'ombe vimechinjwa wapi, na kama bamba hilo hilo ndilo lililokaangiwa nguruwe wa meza iliyotangulia.

Na Msabato je?

Anayefuata mafundisho ya Walawi sura ya 11 ataacha kamba, kaa, ngisi, pweza na mkunga, na atabaki na samoni, sato, sangara, kuku na nyama ya ng'ombe. Kinachomnasa mtu bila kujua ni maki yenye vipande vyeupe vilivyopakwa wekundu: huyo anaitwa kaa, ilhali mara nyingi ni samaki mweupe aliyesagwa na kutiwa ladha ya kaa, na huenda dondoo ya kaa halisi imo. Kwenye bamba, omba chakula chako kikaangwe kabla ya kamba za jirani.

Nisipokula nyama wala samaki kabisa?

Maki ya tango au parachichi, tofu (jibini la soya), na mboga za bamba zitakutosha, ila supu ya miso, yaani ya rojo la soya iliyochachushwa, inayoonekana haina hatia kwa kawaida imepikwa kwa mchuzi wa samaki mkavu. Wajapani pia hutumia vidagaa vikavu kwa mchuzi wa namna hiyo, na nimekuwa nikisubiri mpishi wa Mwanza atakayejaribu kuupika kwa dagaa wa Ukerewe.

Nina mzio. Nimwambie nani?

Mwambie mhudumu, kisha umwambie mpishi mwenyewe anapofika mezani, kwa sababu kwenye bamba moja hupita kamba, mayai, ufuta na soya, na mwiko ni ule ule. Mchuzi wa kawaida wa soya una ngano ndani yake, jambo ambalo wengi hawalijui, na kaa wa bandia niliyemtaja huweza kuwa na ngano na ute wa yai. Mwenye mzio mkali wa kamba asikae meza ya bamba hata akiagiza kuku, maana mvuke na matone ya mafuta hayachagui sahani.

Sijui kutumia vijiti. Nitachekwa?

Hutachekwa, na nigiri tangu zamani huliwa kwa mkono, jambo ambalo kwetu ni nafuu kubwa. Utaletewa kitambaa chenye unyevu kabla ya kula. Kifutie mikono, si uso wala shingo. Ukitaka uma, omba uma. Ukiamua kutumia vijiti, epuka mambo mawili ambayo humkumbusha Mjapani msiba: kuvichomeka wima ndani ya wali, kwa kuwa ndivyo wali unavyotolewa kwa ajili ya marehemu, na kupokezana chakula kijiti kwa kijiti, kwa kuwa ndivyo mifupa inavyookotwa baada ya maiti kuchomwa. Mengine yatasamehewa.

Kile kilima cha kijani na zile karatasi za waridi huliwaje?

Kilima cha kijani ni wasabi, au tuseme mara nyingi ni mzizi mwingine mkali uliotiwa rangi, kwa kuwa wasabi halisi ni ghali na adimu. Ukali wake haukai mdomoni kama wa pilipili kichaa, bali hupanda puani na kushuka upesi, kwa hiyo anza na kiasi cha punje ya mchele. Zile za waridi ni tangawizi iliyokaa kwenye siki, na huliwa kati ya kipande na kipande ili kusafisha ulimi, wala haiwekwi juu ya sushi. Mchuzi wa soya umimine kidogo tu kwenye kisahani, na nigiri uichovye upande wa samaki. Ukichovya wali utavunjika, utakunywa chumvi tupu, na nusu ya tonge itabaki ikielea. Kipande kiingie mdomoni chote kwa mara moja kama kinaenea.

Nitaketishwa na watu nisiowajua?

Kwenye bamba la chuma, ndiyo, meza ikiwa haijajaa. Meza moja hukaa watu wanane hivi, na mgahawa hauwezi kuwawashia moto watu wawili kila mara. Kwetu hilo si gumu, isipokuwa ile adabu ya kusema "karibu chakula" na kusubiri wenzako wote wapate: hapa chakula huiva kwa zamu na hupoa upesi, kwa hiyo anza kula unapopewa. Tenga saa moja na nusu.

Wazee wetu walitukataza kuchezea chakula. Huyu mpishi anayerusha kamba mdomoni mwa watu tumweleweje?

Mwelewe kama mtumbuizaji, na ukitaka mkatalie bila kuona haya. Inatosha kumwambia mwanzoni, "Kaka, sisi utupikie tu kwa utulivu," na mpishi mzuri atatii bila kununa. Kama nilivyoeleza, michezo hiyo si ibada ya Kijapani ambayo utakuwa umeitukana. Binafsi naona yai la kudakwa linapendeza na mlima wa vitunguu unastahili kutazamwa: pete za kitunguu hupangwa kutoka kubwa hadi ndogo, mafuta humiminwa katikati, moto huruka juu kisha hubaki moshi ukifuka kileleni. Lakini kipande cha kamba kilichotoka kwenye chuma cha nyuzi 200 hivi na kurushwa kuelekea jichoni mwa mtu mzima aliyevaa miwani ni mchezo ambao sijawahi kuuona faida yake.

Watoto waje?

Waje, ila wasiketi pembeni mwa bamba mahali mpishi anapopita na visu, na waelezwe kwamba chuma hubaki cha moto muda mrefu baada ya moto kuzimwa. Nguo za sherehe ziachwe nyumbani, kwa kuwa mafuta huruka na harufu ya kitunguu saumu itarudi nanyi.

Bei zake zinasomwaje, na bakshishi inatolewa?

Soma menyu kwa makini kuona kama bei ni ya kipande kimoja, cha jozi au cha sahani nzima, maana hapo ndipo bili za watu hufura. Nigiri huweza kuuzwa kimoja kimoja au viwili viwili. Maki huuzwa kwa mkunjo mzima. Kwenye bamba, supu, saladi na wali mara nyingi vimo ndani ya bei ya kitoweo, lakini uliza, hasa kuhusu wali wa kukaanga, ambao sehemu nyingine hutozwa zaidi ya ule mweupe. Angalia pia kama VAT imejumuishwa, kwani kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18 na kikiongezwa mwishoni hubadilisha hesabu. Dai risiti ya EFD, na ukilipa kwa lipa namba hakikisha jina linalojitokeza kwenye simu ni la biashara yenyewe.

Japani hawana desturi ya bakshishi. Hapa ni hiari yako, na kama mpishi amesimama mbele yako saa nzima akipika na kukuchekesha, mpe chake mkononi na cha mhudumu ukiache kando, ikiwa bili haijaongezwa gharama ya huduma.

Naweza kufungiwa kilichobaki?

Vya bamba, ndiyo, na wali wake upashwe hadi utoe mvuke kabla ya kuliwa. Sushi yenye samaki mbichi iliwe pale pale. Kama unakaa karibu na una jokofu, usiiache nje zaidi ya saa moja njiani katika jua letu, na uimalize siku hiyo hiyo. Lakini kuifunga ukapande nayo meli ya Nansio, au kuiweka miguuni kwenye basi la Musoma, usijaribu, hata mhudumu akikupa na barafu.